Boflo langu linalowa kabla ya saa saba

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, natokea Wete, Pemba. Nimepanga chumba Fuoni, Unguja, pamoja na wenzangu wawili, na vipindi vyetu viko Tunguu. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na chakula cha mchana nakula saa saba, baada ya kuswali. Friji hatuna. Tuna jiko moja la gesi, sufuria mbili, tawa na birika la umeme.

Mwaka jana nilikuwa nanunua chipsi kila siku, na tarehe ishirini ikifika pesa imekwisha. Muhula huu nimeanza kujitengenezea sandwichi na nimeipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Ile robo saa ya alfajiri nakata boflo (mkate), napaka, napanga, nafunga, ndiyo saa nzuri kuliko zote katika siku yangu. Tatizo ni kwamba ninachokifungua mchana sicho nilichokifunga asubuhi.

Sandwichi ya kwanza nilitia mayai ya kuchemsha na tungule (nyanya). Mayai niliyaacha jikoni kama dakika ishirini ili yawive sawasawa. Mchana mkate ulikuwa chepechepe, ukanikatikia mkononi, na harufu ya mayai ilijaa darasa zima. Ya pili nilitia jodari aliyebaki kwenye mchuzi wa usiku. Nilipomwonja nikahisi ulimi unawasha, nikamtupa. Ya tatu nilipaka siagi ya karanga peke yake, ikanikwama kooni. Na boflo lenyewe, nikilinunua jioni, asubuhi limeshakakamaa.

Nakosea wapi? Ipo sandwichi inayoweza kungoja mpaka saa saba bila friji? Wenzangu wanasema nirudi kwenye chipsi, nami sitaki. Ijumaa nataka niwatengenezee wao pia ili waone.

Mwanafunzi, Fuoni

---

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Usirudi kwenye chipsi. Mapenzi ya kazi unayo tayari, na hayo ndiyo magumu kumfundisha mtu. Kilichobaki ni kujua maji yanakwendaje ndani ya mkate na chakula gani kinaweza kungoja.

Lakini naanza na yule jodari, kwa sababu hapo ndipo ungeweza kuumia. Ulifanya vyema sana kumtupa. Jodari, nguru na vibua wana kitu katika nyama yao ambacho samaki akikaa kwenye joto bakteria hukigeuza kuwa histamini. Na histamini ikishaingia haitoki kwa moto. Umkaange, umchemshe, umrudishe kwenye mchuzi mara tatu, imo vile vile. Mara nyingi samaki hata hanuki. Anachokihisi mlaji ni mdomo kuwasha, kama ametafuna pilipili ambayo haimo, ndiyo hiyo uliyoihisi wewe. Akiendelea kula, uso unaweza kuwa mwekundu, kichwa kikamgonga, ngozi ikamwasha, tumbo likamharisha, na mara nyingi haya hutokea ndani ya saa moja. Akibanwa na pumzi, huyo ni wa hospitali, asingojewe. Kwa hiyo samaki yeyote atakayekuwasha mdomo pasipo pilipili, mteme, usimmalizie kwa kuwa ni ghali.

Sasa hesabu ya saa. Chakula kilichopikwa chenye samaki, nyama, yai au tui kikae nje ya friji si zaidi ya saa mbili. Siku za kaskazi, joto likipita digrii 32, ihesabu saa moja tu. Wewe unafunga saa kumi na mbili na nusu na unakula saa saba, yaani saa sita na nusu ndani ya begi, tena begi lililokwenda na daladala juani. Hapo hakuna yai wala samaki wa kupika atakayefika salama, hata ungemfunga kwa ustadi gani. Kwa hiyo gawa sandwichi zako mafungu mawili: za kuliwa asubuhi na za kungoja. Ukishazigawa hivyo, nusu ya matatizo yako yamekwisha.

Yai ni la asubuhi. Chemsha maji kwenye birika ili uokoe gesi, yamimine kwenye sufuria, yakianza kutokota tena teremsha mayai kwa kijiko, hesabu dakika 10, kisha yatie kwenye maji baridi dakika 5. Usiyachemshe ndani ya birika lenyewe. Yai likipasuka humo, chai yenu itakuwa na ladha ya yai wiki nzima. Harufu iliyojaa darasa ilitokana na zile dakika ishirini. Yai likipikwa kupita kiasi, salfa ya ute mweupe hukutana na chuma kilichomo kwenye kiini, ndipo unapoona ule mzingo wa kijani na kusikia harufu. Ukafunga likiwa moto, harufu yote ikabaki ndani ya kopo ikingoja wewe uifungue.

Kwa mayai mawili tia kijiko kimoja cha chai cha siagi, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, robo kijiko cha chai cha chumvi na pilipili manga. Ponda kwa uma yai likingali vuguvugu ili siagi iyeyuke ndani yake, halafu liache lipoe kabisa ndipo ulitie kwenye mkate. Ndimu hapa usiiache. Yai lililopondwa bila kitu kikali hulemea mdomo. Hii uile kabla hujatoka, au hukohuko Tunguu ukifika, lakini saa mbili isipite.

Tuje kwenye kulowa. Tungule karibu yote ni maji, na maji mengi yako kwenye ule ute wa mbegu. Ukilikata na kulinyunyizia chumvi, chumvi inayavuta maji yaliyobaki. Ukililaza juu ya mkate mtupu, mkate unayanywa. Basi zuia mara tatu. Kwanza, chagua tungule gumu, likate vipande vinne, sukuma mbegu zitoke kwa kidole gumba, nyama iliyobaki ikate nyembamba na uilaze juu ya kitambaa safi dakika tano. Pili, chumvi usiitie asubuhi, itie wakati wa kula. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, paka siagi mpaka ukingoni, pande zote mbili za mkate.

Wengi hupaka donge katikati na kuacha kingo kavu, wakidhani siagi ni ya ladha tu. Siagi ni ukuta. Mafuta hayapitishi maji, na panapoachwa wazi ndipo maji yanapoingilia. Kwa slesi moja kijiko kimoja cha chai kinatosha, mradi iwe laini. Siagi iliyoganda huchana mkate, na mkate uliochanika unakunywa maji maradufu. Juu ya siagi laza jani kavu la saladi au la kabichi, kisha kijazio, na tungule likae katikati ya vitu viwili, lisiguse mkate hata kidogo. Tango nalo lipasue kwa urefu na ukwangue mbegu kwa kijiko kabla hujalikata.

Kitunguu maji kikali kikate chembamba, kifikiche kwa chumvi kama unavyofanya kwenye kachumbari, kisuuze, kisha kikamue kwa nguvu zako zote. Kisipokamuliwa ni sawa na kumimina kijiko cha maji ndani ya boflo.

Boflo lako halina kosa. Kwa kawaida hutengenezwa kwa unga, maji, hamira na chumvi, mafuta kidogo au hakuna kabisa, kwa hiyo siku ya pili linakakamaa. Wanga uliolainika kwa moto unajipanga upya na kuwa mgumu. Jambo hilo huenda haraka zaidi kwenye baridi ya friji, kwa hiyo kukosa friji si hasara kwako upande huu. Jioni lifunge kwa kitambaa cha pamba. Likiwekwa kwenye mfuko wa nailoni gamba linakuwa kama mpira na kuvu huja mapema. Asubuhi linyunyizie maji kidogo juu ya gamba, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, liweke kwenye tawa kwa moto mdogo, lifunike kwa sufuria dakika tatu, ligeuze mara moja, halafu lifunue dakika moja gamba likauke. Joto linaulainisha ule wanga tena. Ila ulaini huo wa pili haudumu. Likipoa litarudi kuwa gumu haraka kuliko mwanzo. Kwa hiyo boflo la kufufua ni la sandwichi ya asubuhi. Ya mchana itengenezee boflo jipya kama duka la jirani linafungua mapema, au tumia mkate wa slesi, ambao una mafuta na sukari na hukaa laini siku mbili tatu. Masika tizama kuvu kila siku. Ukiiona kwenye slesi moja, usikwangue ukala zilizobaki, maana nyuzi zake huwa zimeshapenya mbali kuliko zinavyoonekana.

Boflo likate ubavuni kwa kisu chenye meno, lakini usilitenganishe. Acha upande mmoja ushike kama mlango kwenye bawaba. Nyofoa nyama kidogo ya upande wa chini ufanye kijibonde, kijazio kitulie humo kisikumwagikie kwenye vitabu. Hiyo nyama uliyoinyofoa ikaushe kwenye tawa, isage iwe chenga, iweke kwenye chupa kavu. Mkipika katlesi mwishoni mwa wiki, chenga unazo.

Sasa za kungoja mpaka saa saba. Ninayoipenda kuliko zote kwa mwanafunzi ni ile inayokwenda ikiwa haijaunganishwa. Beba boflo lililopakwa siagi, limefungwa kwa karatasi safi isiyochapwa, maana gazeti lina wino na wino huo huhamia kwenye mafuta. Beba na kikopo cha kachumbari ya siki. Ukifika mchana, nunua bajia za moto pale pale, zipasue, zitie ndani, kachumbari juu. Bajia tatu za kunde ndani ya boflo na kabichi kali inayolia chini ya meno, hicho ni chakula kamili na bei yake ni ndogo kuliko sahani ya chipsi.

Kachumbari yenyewe ifanye usiku. Robo ya kabichi, karoti moja na kitunguu kimoja, vyote vyembamba sana, chumvi kijiko kimoja cha chai. Fikicha, acha dakika ishirini, kamua. Ndipo utie vijiko vitatu vya chakula vya siki na pilipili moja mbichi iliyopasuliwa. Usiianze kwa siki. Ukitia siki kabla ya kukamua utaimwaga siki yako pamoja na maji. Chatne ya nazi ni tamu zaidi na bajia, najua, lakini nazi iliyokunwa huchacha upesi kwenye joto, basi hiyo iache kwa sandwichi za nyumbani.

Ya pili ni samaki wa kopo. Usimfungue nyumbani. Beba kopo zima, lile la kuvuta kwa kidole, pamoja na nusu ya ndimu na pilipili manga kwenye kikaratasi. Kopo dogo linatosha maboflo mawili, kwa hiyo tafuta mwenzako mshirikiane, maana likishafunguliwa halirudi kwenye begi. Kama ni la mafuta, mafuta yake ndiyo yatumike kulainisha mkate badala ya siagi. Kama ni la maji ya chumvi, yamwage yote, mkate upakwe siagi na chumvi usiongeze. Kopo lililovimba au linalovuja mshononi, litupe bila kulifungua.

Na siagi ya karanga. Ilikukwama kwa sababu karanga iliyosagwa ina maji kidogo mno, inayanyonya mate yako mwenyewe. Inataka kitu chenye unyevu pembeni yake, na rafiki yake ni ndizi, kisukari au kipukusa iliyoiva. Vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga vipakwe pande zote mbili. Mafuta yake yanafanya ule ule ukuta niliousema. Ndizi ibebe na ganda lake, uimenye na kuikata saa saba. Ikikatwa asubuhi inakuwa nyeusi na kutoa maji. Ukipenda tia uzi wa asali na chembe mbili za chumvi. Hii inangoja mchana kutwa bila wasiwasi, na ndiyo inayofaa pia kwa daku wakati wa Ramadhani, kwa kuwa haihitaji kuwasha jiko na inakaa tumboni kwa muda mrefu.

Ukitaka kuisaga mwenyewe, chukua nusu kilo ya njugu (karanga) na uzichague kwa makini, moja moja. Zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu, zenye kuvu au zenye ladha chungu zitupe. Kuvu ya njugu huacha sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi. Zilizo nzima zikaange kwa moto mdogo huku unakoroga, dakika 12 hadi 15, zipoe, zisugue maganda, uzitwange au uzisage. Mwanzo zitakuwa unga, halafu donge, na watu wengi hapo hukata tamaa na kutia maji. Usitie maji, yanaifanya igande na kuharibika ndani ya siku chache. Endelea tu, mafuta yake yatatoka yenyewe. Chumvi nusu kijiko cha chai. Chupa iwe kavu, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu.

Jodari sikuharamishii. Mle jioni, akitoka jikoni. Robo kilo inawatosha nyote watatu: mnunue mwenye macho maangavu na nyama ngumu, na umpike mara tu ukifika nyumbani, asikae kwenye joto. Mchemshe dakika 8 hadi 10 kwa maji kidogo, chumvi na ndimu, mchambue, mchanganye na kitunguu ulichokikamua, kotmiri, pilipili, na vijiko viwili vya chatne ya nazi iliyosagwa nzito bila maji. Boflo lifufuliwe kwenye tawa, samaki atiwe ndani angali vuguvugu. Hapo kulowa kidogo si aibu, kwa sababu linaliwa dakika ile ile na unyevu ule ni sehemu ya utamu.

Kwa Ijumaa yako na wenzako, basi, wakirudi kutoka msikitini: maboflo matatu, mayai matano, siagi vijiko viwili na nusu vya chai vya kuponda na vitatu vya chakula vya kupaka, ndimu moja, chumvi nusu kijiko cha chai, tungule mbili zilizotolewa mbegu, kitunguu kimoja, kachumbari uliyoifanya usiku. Mayai yachemshe kwa zamu mbili, maana sufuria yako ikijaa mayai, maji yatapoa na zile dakika kumi hazitakuwa kumi tena. Boflo lichome mwisho kabisa, moja baada ya jingine, na kila linalotoka kwenye tawa lipe dakika mbili tatu mvuke utoke kabla hujalipaka. Mmoja wao mpe kazi ya kukamua kitunguu.